Kikombe Mkono wa Kushoto

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Nimeona mtu aliyeliliwa na kuanuliwa matanga akirudi kutoka machimboni na kifurushi mgongoni, akiuliza nani kala mbuzi wake. Nimeona benki ikinifuata dukani, mimi niliyeishia darasa la tano, ikinibembeleza nikope, na nikaiambia inywe soda iende. Kwa hiyo Konsolata aliponipigia simu kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kuniambia kwamba mama yake amefariki, niliumia, lakini kushangaa sikushangaa. Mama Konsolata alikuwa amekula chumvi nyingi, na kwa namna yake alikuwa amekwisha kutuaga sote mara tatu au nne. Nilimwachia mke wangu duka la Buzuruga, nikapanda meli ya asubuhi. Na kwa kuwa sipendi kuwadanganya watu, niseme kabisa kwamba sikwenda kuzika tu. Ukutani kwa yule mama kulikuwa na kazi ya mikono yangu, ya mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, na nilitaka kuona kama bado imesimama.

Wanaonijua leo wananijua kwa mashine. Ukipita karibu na stendi utaona maharusi, mapadri na wagombea wamening'inia nje ya duka langu, turubai limevutwa kwenye fremu mpaka ukiligonga linalia kama ngoma. Mteja ananitumia picha kwa simu, anavuka barabara kunywa chai, na akirudi yuko ukutani. Vijana wenye vyeti vyao wananiita mkurugenzi. Sawa, waniite. Lakini mashine haikunifundisha kitu. Turubai la kwanza lililobeba uso wa mtu katika mji wa Mwanza bila mchoraji na bila mashine nililitengeneza mimi, kwa gundi ya seremala na vidole hivi, na mwenye kubisha aje tubishane, nipo kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kila kitu ruksa. Mtu aliyekuwa anauza karanga mwezi wa kwanza, mwezi wa sita alikuwa na kontena. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa Mzee Simeo, fundi wa fremu nyuma ya soko, kwenye kibanda cha mabati ambamo mchana ulikuwa unaokwa kama mkate. Tulikata vioo, tulichonga mbao, tuliweka ndani watakatifu na viongozi na watoto wa watu waliomaliza shule. Chakula chetu kilikuwa ugali na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Mzee Simeo alikuwa akinyonya mfupa, anautazama kwenye mwanga kama anayesoma barua, halafu anasema, "Mwenzio huko Ulaya anakula mwili, wewe unakula mawazo ya samaki. Kwa nini basi huna akili?" Nami nilimjibu, "Kwa sababu vichwa vyote unakula wewe, mzee." Tulikuwa tunaelewana hivyo. Alinipenda, lakini aliniona kama nyundo: kitu kizuri kikiwa mkononi mwake.

Siku moja gundi nyeupe ilimwagika juu ya kipande cha kitambaa cha marekani tulichotumia kufunikia vioo, na juu ya gundi ikaanguka kifudifudi nakala ya leseni ya biashara ya Mzee Simeo, yenye picha yake. Ilikaa hivyo tangu asubuhi mpaka saa tisa, jua likaikausha. Nilipoivuta haikutoka. Niliimwagia maji nikaanza kuisugua kwa ncha ya kidole, taratibu, karatasi ikatoka kwa vinyuzi vidogo kama ukoko wa ugali uliolowekwa. Na chini yake, nakwambia, Mzee Simeo alikuwa ananitazama. Karatasi ilikwenda, sura ikabaki. Ilikuwa imeingia kwenye nyuzi za nguo, nyeusi na laini, kama amezaliwa humo. Nilisugua mpaka kidole kikachubuka. Sikujua kwamba nilikuwa nasugua maisha yangu yote yaliyobaki, ila nilijua kwamba nilichokishika hakikuwa na fundi mwingine.

"Umenifanya dekio," alisema Mzee Simeo alipoona.

"Nimekufanya usiyevunjika. Wa kwenye kioo akianguka amekwisha. Wewe ukianguka unaokotwa, unakung'utwa, unarudi ukutani."

"Picha bila kioo ni kitambaa, Mabula. Kafutie meza."

Sikufutia meza. Nilienda nayo chumbani kwangu Mabatini, kati ya yale mawe makubwa yanayokaa juu ya nyumba za watu kama yanafikiria kushuka, nikaitundika juu ya kitanda. Na hapo, nikiitazama, nilifanya kosa langu. Nalisema sasa mapema ili msidhani naficha. Yale maandishi ya leseni yalikuwa yamehamia kwenye nguo kinyumenyume, kama unavyosoma kwenye kioo. Niliona. Si kwamba sikuona. Nilichukua mkasi nikayakata, nikabaki na uso. Nilijiambia: maandishi yana mwanzo na mwisho, ukiyageuza yanaharibika, lakini uso wa mtu una jicho huku na jicho huku, sikio huku na sikio huku; uugeuze utakavyo, ni uso uleule. Nani angenibishia? Hata leo nikiwaeleza watu wenye digrii huwa wanakubali kwanza, ndipo wanakataa.

Miezi minne niliishi na gundi. Nilijifunza kwamba picha yenyewe ya studio haihami, inayohama ni nakala, ule wino wa unga wa mashine za fotokopi zilizokuwa zimeanza kuingia mjini, na mashine kubwa iliyokuwa kwa Mhindi mmoja karibu na benki iliweza kumkuza mtu wa pasipoti mpaka akawa na kichwa kama sahani. Nilijifunza kuloweka marekani kwenye chai ya rangi iliyokolea, ili weupe wake utulie na ngozi ya mtu iwe na joto. Chai ya tangawizi inaacha madoa, usitumie. Juu nilipaka vanishi mara mbili. Nikaanza kuuza Jumapili, na wateja wakaja wa namna mbili. Wale walio hai, walioleta picha zao wenyewe, walifurahi mno. "Hapo sasa ndipo nilipo!" alisema mwalimu mmoja, akijishika shavu. "Studio zote zinanikosea, wewe umenipata." Lakini walioleta picha za marehemu wao walisimama kimya, wakainamisha kichwa huku na huku. "Ni yeye," walikuwa wakisema. "Ni yeye kabisa. Ila sijui." Wengine walisema amekasirika, wengine wamemwona kama ndugu yake. Mimi nilidhani ni majonzi. Nilikuwa nawapa pole na kuchukua changu. Baadaye sana ndipo nilipoelewa: mtu hai anajijua kwa kioo, na mimi nilikuwa nawapa kioo, marehemu anajulikana kwa macho ya watu, na hao nilikuwa nawageuzia mtu wao.

Ndipo akaja Bwana Patrisi kutoka Ukerewe. Alikuwa mnunuzi wa samaki, mwenye boti mbili na suti mbili, tena katibu wa parokia, na alikuwa akizungumza kama anayesoma matangazo baada ya misa. Mdogo wake Deusi alikuwa amefariki, na mwezi unaofuata ingekuwa misa ya mwaka mmoja na kusimika msalaba. Alitaka picha kubwa ya kuweka mezani mbele ya watu, kisha ikae nyumbani kwa mjane. Picha yenyewe ilikuwa ndogo, ya rangi iliyofifia: mwanamume amekaa kwenye kigoda kando ya padri, amevaa shati jeupe, amecheka meno yote, ameinua kikombe cha bati kumwelekea mpiga picha kama anayesema karibu. Bwana Patrisi alilipa yote pale pale. "Kazi ikinipendeza," alisema, "nina familia kumi na mbili parokiani zenye marehemu na zenye uwezo." Kumi na mbili! Nilikuwa nimeshaona chumba cha mbele pale Mabatini, chenye mlango wa barabarani, na mwenye nyumba alikuwa amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Usiku, mchana, kazi yangu ilikuwa kukiona kile chumba: benchi hapa, marekani pale, na juu ya mlango jina langu, si la Simeo.

Nilifanya kazi ile kama anayeswali. Ilipokauka niliifunga kwenye kanga mbili, nikavuka nayo ziwa nimeishika mapajani, sikumruhusu mtu hata kuiegemea. Nyumba ya marehemu ilikuwa mwendo mfupi kutoka bandarini, ya tofali za kuchoma, na chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani mbili, rundo la sare za shule, pasi ya mkaa, na kioo kirefu cha wateja kilichopasuka pembeni. Mjane alikuwa fundi cherehani. Wote walimwita Mama Konsolata, kwa jina la binti yake aliyekuwa kwenye cherehani ya pili. Mwanamke mfupi, sindano mbili zimechomekwa kwenye gauni kifuani, macho ya kupima watu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akanitazama mabega, nikajua tayari anajua saizi yangu. Bwana Patrisi alikuwapo na wazee wawili wa ukoo. Nikafungua kanga.

"Hee!" alisema Bwana Patrisi. Halafu akasogea, akatazama tena, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo sikuielewa. "Tazama," akawaambia wazee. "Tazameni mkono."

"Mkono wa kulia," alisema mzee mmoja.

"Mungu ni mkubwa," alisema wa pili, na wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliookota kitu.

Mama Konsolata hakucheka. Alisimama mbele ya turubai, akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe, akakitoa. "Nani amekutuma hivi?" akaniuliza.

"Hivi vipi, mama?"

"Mume wangu alikuwa wa mashoto. Kisiwa kizima kilimwita Mashoto. Alilima kwa kushoto, alikula kwa kushoto, alinichumbia akanipa pete kwa kushoto mama yangu akazirai. Kikombe hiki alikishika kwa kushoto, padri amekaa pembeni yake, makusudi. Leo amekishika kwa kulia. Nani amekulipa umnyooshe?"

Niliapa kwa kila kitu. Nilisema picha haiwezi kubadili mkono, pengine anakumbuka vibaya, msiba huchanganya. Hilo ndilo neno nililojutia, maana aliniangalia kama mtu aliyenikamata naiba uzi. Hakubishana. Alivuta futi ya kupimia kutoka shingoni. "Shati hili nimelishona mimi," alisema. "Shati la mwanamume mfuko unakaa kushoto, juu ya moyo. Vifungo upande wa kulia, matundu kushoto. Niambie, fundi, mfuko uko wapi?" Mfuko ulikuwa kulia. Vifungo vilikuwa vimefungwa kike. Wazee walitazama vidole vyao vya miguu. Kisha akaenda kwenye kona, akakokota kile kioo kirefu, akakisimamisha mbele ya turubai. "Konsolata, njoo umsalimie baba." Na ndani ya kioo, karibu na ule ufa, Mzee Deusi alikuwa amekaa na kikombe chake mkono wa kushoto, mfuko juu ya moyo, anacheka. Yule binti alitoa sauti ndogo. Ule uso niliousugua wiki nzima sikuwa nimeuona kamwe mpaka pale. Ulikuwa mwingine kabisa. Ulikuwa wa mtu.

"Basi haina shida," alisema Bwana Patrisi. "Ni mashine imegeuza. Bahati imetokea, tuiache. Watu watakuja, baba askofu pengine atakuja. Ni vizuri aonekane kama mtu."

"Kama mtu gani?" aliuliza Mama Konsolata.

Tukaitwa kula. Nami, niseme kweli yangu, nilikuwa upande wa Bwana Patrisi. Nilikuwa mfanyabiashara. Mwenye fedha ameridhika, kazi imekwisha. Machozi ya mjane hayakodishi chumba. Hata njiani kwenda uani alinishika bega akaniambia, "Ukiiacha hivyo hivyo nakulipa mara mbili, na zile kumi na mbili ni zako," na akatoa noti palepale, na nikazipokea. Mkono wa kulia, kwa adabu.

Ugali ulikuwa wa muhogo, mweusi, wa kuvutika, na sato wa kuchemsha na ndimu. Wanaume tulizunguka sinia moja. Ndipo mzee mmoja, akitaka kuchangamsha, akasema, "Mnakumbuka mwaka wa kamba?" Wakaanza kucheka kabla hadithi haijaanza. Deusi alipokuwa mtoto wa miaka sita, baba yao alichoka kuaibika sinia likiwekwa, akaagiza mkono wa kushoto ufungwe kiunoni kwa kamba ya katani, tangu kupanda mpaka kuvuna. "Alikula kwa mdomo," alisema mzee, akifuta machozi ya kicheko. "Kama mbwa! Anainama kwenye sinia, puu, anakula kwa mdomo. Mkono wa kulia upo, mzima, anautazama tu. Hautumii!" Mwingine akadakia, "Na siku alipofunguliwa?" Wakaitikia kwa pamoja, kama wimbo: "Akachukua kikombe kwa kushoto!" Wote walicheka. Bwana Patrisi alicheka kidogo, akitazama ugali. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, na tonge lile, ndugu yangu, nililiweka ukingoni mwa sinia. Nilimwona mtoto mdogo ameinama kwenye sinia msimu mzima, anashinda. Miaka sita! Wakubwa wote wale, kamba, baba, njaa, na ameshinda. Halafu mimi, na gundi yangu ya seremala, kwa wiki moja nimefanya kile walichoshindwa wote. Nimemnyoosha akiwa hawezi kubisha.

Nikanawa. Nikamkuta Mama Konsolata anashona, amenipa mgongo. Nikamwambia, "Mama, nipe tena ile picha ndogo. Na uniambie, nitamgeuzaje?" Najua leo ningejibu mwenyewe. Siku ile aliyejibu ni yeye, na sijawahi kumnyang'anya. Alichukua mkono wa sare, akaupindua ndani nje. "Huu sasa ni wa kushoto," alisema. Akaupindua tena. "Huu umerudi kwake. Kitu ulichokigeuza mara moja umekiharibu, fundi. Geuza mara ya pili."

Siku tisa zilibaki kabla ya misa. Kwa yule Mhindi wa fotokopi niliuliza kama kuna karatasi ya kuonekana ng'ambo zote, akanitolea zile za plastiki walizotumia watu wa semina kumulika ukutani. Tulimnakili Mzee Deusi kwenye plastiki, tukaigeuza kifudifudi, tukainakili tena kwenye karatasi. Alitoka karatasini amekosewa, ili atoke kwenye nguo amepatiwa. Mara mbili gundi ilifanya mapovu, mara moja nilisugua kwa haraka nikamtoboa sikio, nikaanza upya. Mzee Simeo alikuja akasimama nyuma yangu, ananyonya mfupa.

"Hiyo si umeshalipwa?"

"Nimelipwa."

"Sasa unafanya nini?"

"Namrudishia mtu mkono wake."

Aliugeuza mfupa kwenye mwanga. "Na chumba chako cha Mabatini?"

"Kitapata mpangaji."

Aliutupa ule mfupa, akanishikia fremu nilipokuwa napiga misumari. Mtu aliyemjua Simeo ataelewa kwamba hayo yalikuwa maneno mengi.

Siku ya misa uwanja ulijaa. Ile picha ya kwanza ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe, inasubiri wakati wake. Mama Konsolata alikuja mbele na ya kwangu ya pili, ndani ya kanga zilezile, akaiweka mbele ya ile ya kwanza, na kabla shemeji yake hajafika akavuta kanga. Kisha sauti ya mwanamke mzee huko nyuma, kwenye majamvi, ikaita kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya shamba: "Mashoto! Ee, Mashoto, umerudi!" Vigelegele vikapasuka. Watu walikuja mpaka mezani, wanaume wazima, wakainua mikono yao ya kushoto hewani, wanacheka na kulia, wanamwinulia kikombe kisichokuwepo. Hata padri alitabasamu. Alikuwa ndiye yule wa pembeni kwenye picha, niliyemkata kwa sababu ya nafasi.

Bwana Patrisi hakunipigia kelele. Alinisubiri nyuma ya tangi la maji. "Nilikulipa mara mbili," alisema. "Rudisha yote." Nilizitoa, nikazihesabu kwenye kiganja chake mbele ya macho yake, nikamwambia, "Ile ya kwanza chukua, zawadi. Wewe ndiye uliyempenda hivyo." Zile familia kumi na mbili sikuziona. Chumba kilikodishwa na muuza betri. Nilirudi kwa Simeo miaka miwili mingine, na kila aliyeniambia nilikuwa mjinga nilimwambia asubiri. Wamesubiri. Wanawake wa cherehani wa visiwa vyote walianza kunitumia wafu wao, mmoja mmoja, ndani ya magazeti, na maelezo yameandikwa kwa penseli: alikuwa na kovu huku, nywele aliziweka hivi, tafadhali usimkosee. Hao ndio walionijenga. Si benki.

Tulimzika Mama Konsolata Alhamisi, kando ya mumewe. Picha yangu ilikuwa ukutani, juu ya cherehani, moshi wa pasi umeipa rangi ya asali, haijachanika hata uzi. Nilikuwa naigonga kwa kucha, nimeridhika na nafsi yangu, Konsolata aliponiambia kwamba baba mkubwa ananiita kwake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Ningekuwa mwongo nikisema sikuutaka. Nilimkuta Bwana Patrisi amekaa kwenye kiti cha miti, mwembamba kama fito, suti imemzidi. Juu ya kichwa chake ilining'inia ile ya kwanza, Deusi wa mkono wa kulia, vifungo vya kike. Nikamwamkia. Akanipa mkono wa kushoto.

"Marahaba. Nisamehe kwa mkono," alisema. "Wa kulia umekufa. Presha. Mwaka wa tatu sasa."

Mkwe wake alileta chai. Niliangalia alivyoichukua, kwa kushoto, vidole vigeni, anamwaga kidogo kwenye suruali, anafuta, anaanza tena. Alipomaliza kunywa akaelekeza kidevu ukutani. "Nimekaa na huyo sebuleni miaka yote hii, Mabula. Sijawahi kumzoea. Wageni wanasema, 'Mdogo wako?' nasema ndiyo, na moyoni nasema, simjui." Akautazama mkono wake uliokufa. "Ile kamba. Baba aliagiza tu. Fundo nililifunga mimi. Nilikuwa hodari wa mafundo." Akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa kama mtu anayetua jiwe. "Mgeuze. Nitaonana naye karibuni, sitaki anikute nimemtundika hivyo."

Nilisema mwanzoni kwamba hakuna jambo la kunishangaza. Basi andika kwamba nilishangaa. Nilisimama pale nimeshika kofia yangu kama mtoto wa darasa la tano.

Mashine yangu inamgeuza mtu kwa kubonyeza mara moja. Sikuitumia. Nilitafuta marekani, na siku hizi marekani kuipata ni kazi. Nikakoleza chai, nikanunua gundi ya seremala, nikamsugua Mzee Deusi kwa vidole vyangu mpaka vikachubuka palepale pa zamani, nikavuka naye ziwa nimemshika mapajani. Bwana Patrisi aliitazama muda mrefu. Akainua kikombe chake cha chai kuelekea ukutani, kushoto kwa kushoto, na kikombe hakikumwagika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya matangazo, "Shilingi ngapi, fundi?"

Nikamwambia hiyo haina bei. Lakini Konsolata, ambaye sasa ndiye mwenye cherehani na daftari la mama yake, hapendi kazi isiyo na hesabu. Alinikalisha tukazijumlisha zote, za wakati ule na za sasa: fedha nilizorudisha nyuma ya tangi, plastiki za semina, gundi, marekani, vanishi, fremu mbili, na nauli za meli. Kumrudishia mtu mmoja mkono wake, katika nyumba mbili, kumenigharimu shilingi elfu themanini na mbili, mia tisa na hamsini.